Hewa Kwenye Klachi

Pikipiki yangu iliwahi kumsindikiza rais. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wanaonijua kidogo. Wanaonijua kiasi nawaambia alikuwa waziri. Mke wangu, ambaye ananijua mpaka mikunjo ya shingo, anajua kwamba ilikuwa ya idara ya maji, na mtu mkubwa kuliko wote aliyewahi kuisikia ikinguruma ni mkurugenzi, naye alikuwa dirishani, akitufokea tupunguze kelele.

Nilikuwa tarishi wa idara hiyo mpaka nilipostaafu. Pikipiki ilipochakaa kwa mujibu wa makaratasi yao niliwaomba, wakanipa, wakidhani wamenitupia takataka. Niliifungua yote ukumbini. Mama, ndivyo ninavyomwita mke wangu, alipika msimu mzima akiruka pistoni. Sikufundishwa na mtu. Nilifungua, nikaharibu, nikafunga, nikafungua tena, mpaka chuma chenyewe kikachoka kunikatalia.

Sasa, pikipiki nyingi mnazoziona barabarani klachi yake huvutwa na waya. Yangu haina waya, inatumia mafuta, yaleyale ya breki. Ukibana leva ya kushoto, pistoni ndogo iliyo ndani ya kikopo cha kwenye usukani inasukuma mafuta, mafuta yanateremka kwenye paipu mpaka ubavuni mwa injini, na huko chini yanasukuma pistoni nyingine, klachi inaachia. Mafuta hayakubali kubanwa, ndiyo siri yote. Hewa inakubali. Ikiingia hewa, hata ya ukubwa wa punje ya mtama, unabana leva na nguvu zako zote zinaishia kuiminya hewa, chini hakifiki kitu. Leva inakuwa laini kama shavu la mtoto, gia inaingia kwa kelele, na pikipiki inataka kuondoka bila ruhusa yako.

Mwaka ninaousimulia, mkono wangu wa kushoto ulilala. Niliamka asubuhi, mimi nikaamka, wenyewe ukabaki umelala. Daktari alitaja jina la ugonjwa. Mama alilishika jina hilo. Mimi sikuwa na haja nalo. Nilipewa mpira wa kuminya, nikauminya, na baada ya miezi mkono uliamka ukaweza kushika kikombe, kufunga kifungo, kupungia watu. Watu wa kijiweni kwa kinyozi walitaka kujua umepatwa na nini. Niliwaambia nilisalimiana na mpiga mieleka mstaafu, tukabishana nani aachie kwanza. Wiki iliyofuata nikawaambia ni mamba.

"Chumvi," kinyozi akasema, maana ndilo jina walilonipa, kwa jinsi ninavyokoleza habari. "Juzi ulisema mpiga mieleka."

"Mamba huyo alikuwa mpiga mieleka."

Wakacheka mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akakatwa sikio. Sikio lote. Sawa, kidogo tu, pembeni.

Nilikuwa na tamaa moja tu mwaka ule: kupanda tena pikipiki yangu. Nitoke getini mwenyewe, nisimuage mtu, nisiulizwe nakwenda wapi wala nitarudi saa ngapi. Mtu aliyeishi kwa kuzunguka mji mzima anapokalishwa kibarazani kama nguo iliyoanikwa, ninyi mnaona anapumzika.

Asubuhi niliyojaribu, Mama alikwenda kunifungulia geti. Injini ilikuwa inawaka, gia ya kwanza nimeitia, leva nimeibana, nasubiri. Geti halijafunguka hata nusu, pikipiki ikaruka. Ikalipiga geti, ikazima. Mama alikuwa ameshajitupa pembeni, kanga moja imebaki imenasa kwenye komeo.

"Umeona?" nikamwambia, hata kabla sijashuka. "Klachi ina hewa."

Yeye hakuwa anaitazama pikipiki. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Niwaeleze jambo moja kuhusu uongo. Msema uongo hodari haanzii kwa watu. Anaanza kuuamini yeye mwenyewe, ndipo anawapelekea wengine ukiwa wa moto. Nilipotamka neno hewa nilikuwa sijaigusa spana, lakini mpaka naisukuma pikipiki kurudi kivulini nilikwisha kuiona hewa yenyewe, imejikunyata kwenye kona ya paipu, inanicheka.

Jioni akaja shemeji, mdogo wake Mama, mwenye gereji karibu na njia panda. Ni mtu wa maneno machache na matusi mengi, lakini siku hiyo hata matusi hakuyatoa. Aliibana leva mara mbili tatu, taratibu. Kisha akamtazama dada yake.

"Ipo hewa, shemeji," akasema. "Si nyingi."

"Nilisemaje!"

"Ila gereji kwangu kumejaa. Na wewe mwenyewe fundi. Utaitoa tu hapa nyumbani, dada atakushikia leva."

Nilimwona mwungwana. Nikamsindikiza mpaka nje.

Kutoa hewa kwenye klachi ya mafuta ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko juu na leva, mwingine yuko chini na spana. Wa juu anapampu mara kadhaa, kisha anabana na kushikilia, anasema, "Nimebana." Wa chini anafungua kinati kidogo cha ubavuni, mafuta yanaruka na hewa yake, anakifunga, anasema, "Achia." Wa juu anaachia. Wanarudia hivyo hivyo mpaka mafuta yatoke bila povu. Ni kazi ya kuaminiana. Wa chini hamwoni wa juu, maana macho yako kwenye kinati. Wa juu akiachia wakati kinati kiko wazi, pistoni inarudi nyuma na kuvuta hewa ya nje, kwa pupa, kama mlevi anayevuta supu. Jasho lenu lote linakuwa bure.

Nilimweleza Mama haya yote kwa makini, nikiwa nimetandika matambara juu ya tangi, maana mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi yanaibambua kama maji ya moto kwenye kuku. Nilimweleza vizuri mno. Mpaka leo najilaumu kwa ufundi wangu wa kueleza.

"Kwa hiyo nisiachie mpaka useme," akasema.

"Hata paa la nyumba likianguka."

"Na nikiachia?"

"Tunaanza upya."

"Ahaa," akasema Mama, na akafunga kitambaa kichwani.

Tukaanza. Mimi kwenye kigoda, shavu karibu na injini, spana namba nane mkononi na kopo la maziwa chini ya kinati.

"Nimebana."

Nafungua. Mafuta meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nafunga. "Achia."

"Nimebana."

Nafungua. Nafunga. "Achia."

Tulimaliza kikopo kizima. Nikasimama, nikaibana leva, nikaikuta laini kuliko tulivyoianza. Kabla ya siku ile ilikuwa ngumu na safi. Nilijiambia ni hewa iliyokuwa imejificha, sasa imejitokeza.

Basi ukaanza msimu wangu wa kutafuta hewa. Nilibadilisha mafuta, nikanunua ya kopo jipya lenye lakiri, maana yakikaa wazi yanakunywa unyevu wa hewani. Nikafungua kikopo cha juu, nikabadilisha raba za pistoni. Nikafungua silinda ya chini, nikabadilisha raba zake nazo. Nikatia vipete vipya vya shaba kwenye maungio ya paipu. Nikailaumu paipu, nikailamba kiungo kwa kiungo nione kama inavuja. Msicheke, mafuta ya breki yana utamu fulani, na yanaunguza ulimi kwa heshima. Kila nilipomaliza jambo jipya nilimwita Mama, naye alikuja, hata akiwa na unga mikononi. Alinawa, akashika nafasi yake, akaniambia, "Nimebana." Hakulalamika hata mara moja. Nilijisifu kijiweni kwamba nimeoa mwanamke wa chuma.

Kijiweni huko hali ilikuwa mbaya.

"Chumvi, hiyo pikipiki ina pumu," alisema kinyozi.

"Ipeleke hospitali iwekewe oksijeni," akadakia fundi viatu, anayekaa mlangoni mwake.

"Nimekuambia ina hewa kupita kiasi, wewe unataka iongezwe?"

"Mzee, mimi naona hewa iko kwenye hadithi zako. Inatoka huko, inaingia kwenye paipu."

Nilicheka nao. Nikawaambia kwamba mafundi wa nchi tatu wamenipigia simu kuulizia hewa yangu, kwamba ni aina mpya. Kicheko kilikuwa kikubwa. Moyoni nilikuwa nimeanza kuchoka. Nilikuwa ninaota leva.

Mwishowe nikapata wazo la mpira. Muuza vyuma mmoja aliniuzia kipande cha mpira mwembamba wa plastiki, ule unaoonyesha ndani. Unauchomeka kwenye kinati, mwisho wake unauzamisha kwenye mafuta masafi yaliyo koponi, unaona kila kinachopita. Nilitaka kuzijua hizo punje za hewa kwa sura zake.

Nikamwita Mama. Alikuja akijifuta mikono.

"Huo mpira wa nini?"

"Wa kuona."

Akaugusa kwa kidole. "Haya," akasema.

"Pampu. Bana."

"Nimebana."

Nikafungua. Mafuta yakatoka, yakaingia kwenye mpira, yakasafiri kwenda koponi na vipovu vyake vikifuatana kama bata. Halafu yakasimama. Halafu yakageuka. Yalirudi juu kuelekea kwenye injini, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Mafuta hayawezi kurudi kama leva imebanwa.

"Nimebana, Mzee," Mama akasema.

Nikainua macho bila kuinua kichwa. Kati ya tangi na usukani niliuona mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya mshiko, vidole vyote vimekunjuliwa, leva imeachwa wazi. Uso wake ulielekea getini. Hakuwa na haya wala furaha usoni. Alikuwa kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Vizuri," nikasema. Nikafunga kinati. "Achia."

"Nimeachia."

Tuliendelea hivyo mpaka mafuta yakaisha. Sikumwambia kitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimesimama kwenye leva.

Nyumbani kwetu kazi ya kudanganya ilikuwa yangu. Nimeifanya tangu tulipooana, kwa uaminifu, bila likizo. Yeye kazi yake ilikuwa kusema kweli: kwa wenye nyumba, kwa walimu wa watoto, kwa daktari. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyosimama. Na mtu niliyemwachia kweli yote ya nyumba ndiye aliyekuwa akisimama juu yangu siku nenda siku rudi, akisema amebana, nami chini, na shavu langu la uzeeni limejaa grisi, nikimshukuru.

Kesho yake nilikwenda gereji. Shemeji alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Nikaisemesha miguu.

"Siku ile ulipoibana leva, ilikuwa na hewa?"

Miguu ikatulia.

"Shemeji, si nilisema..."

"Nakuuliza kama fundi. Sikuulizi kama ndugu."

Akajisukuma akatoka. Akaketi, akajifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono.

"Kama fundi," akasema, "ilikuwa klachi nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia hapa."

"Na ukamfundisha dada yako."

"Sikumfundisha. Ulimfundisha wewe. Mimi nilimwambia tu, mtu mwenye kazi ya kutafuta hewa hapandi pikipiki." Akatema mate pembeni. "Shemeji, ulimkosa pale getini kwa kipimo cha kanga. Ulitaka tufanye nini?"

Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii ndugu wa mke wake. Akayapokea. Hilo liliniudhi zaidi, maana siku zote huwa anarudisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa na nia moja, ya kuwashinda. Mama alipokwenda kwa dada yake, nilinunua bomba la sindano, lile nene, kwenye duka la dawa. Kuna njia ya kutoa hewa mtu akiwa peke yake. Hewa inapenda kupanda; basi huisukumi chini, unaisindikiza juu. Unajaza mafuta kwenye bomba, unalichomeka kwenye kinati cha chini, unasukuma polepole, na mafuta yanapanda kwenye paipu yakiitanguliza hewa mpaka itokee kwenye kikopo cha usukani, plopu, plopu, kama samaki wanaokuja kuchungulia. Unachota yanayojaa huko juu yasimwagike. Nililibana bomba kifuani, nikasukuma kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyenishikia. Hakuna aliyeniambia amebana.

Nilipoijaribu leva ilikuwa ngumu na safi, kama siku tuliyoanza. Sijui kama nilitabasamu. Nadhani nilionyesha meno tu.

Nilifungua geti mwenyewe. Nikawasha, nikatoka.

Mtaa wa kwanza ulikuwa peponi. Upepo ulinipiga usoni kama jamaa aliyekukosa siku nyingi. Gia ziliingia bila kelele. Nilipita mbele ya kinyozi nikapiga honi, wakatoka wote na mashuka shingoni, na fundi viatu akanipungia kiatu. Nilijisikia kijana, nilijisikia msafara mzima, rais yuko nyuma yangu.

Njia panda taa zilikuwa nyekundu. Mbele yangu palikuwa na mtu na mkokoteni wake wa madumu ya maji. Tarishi mwenye akili akifika kwenye taa anaondoa gia, anaachia leva, anapumzisha mkono. Mimi siku ile sikutaka kupumzisha. Nilitaka kuishikilia, gia ndani, leva imebanwa, mpaka taa ibadilike, ili kama yupo mtu anayetazama aone nani aliyekuwa na hewa na nani hakuwa nayo.

Niliibana. Klachi ilikaa imara, haikulegea hata unywele. Kilicholegea kilikuwa kidole cha mwisho. Halafu kinachofuata. Viliondoka kimoja kimoja, kimyakimya, kama watu wanaotoka mkutanoni wakisikia neno mchango. Niliviamuru. Nilivitukana. Nilivitazama kama vidole vya mtu mwingine, na leva ikatoka mkononi mwangu polepole huku mimi mwenyewe nikishuhudia.

Pikipiki ikaruka. Ikaupiga mkokoteni, mkokoteni ukampiga mwenyewe, madumu yakapasuka, maji yakatapakaa njia panda yote. Mtu wa watu alikuwa amekaa kwenye maji ameshika goti, anauliza, "Nimekukosea nini? Mzee, nimekukosea nini mimi?"

"Klachi!" nikapiga kelele. Nilikuwa chini, mguu mmoja uko chini ya pikipiki. "Klachi imeachia! Jamani, ina hewa, waulizeni, mtaa mzima unajua!"

Watu walijaa. Kinyozi alikuja na mkasi wake mkononi, akawaambia, "Kweli, klachi ya huyu mzee mbovu, ni habari ya miezi." Gereji ilikuwa hatua chache, shemeji akaja mbio, akainyanyua pikipiki kwa mkono mmoja na mimi kwa wa pili. Mtu akaibana leva. "Mbona ngumu hii?" akasema. "Mbona nzima?"

"Inadanganya," nikamjibu. "Sasa hivi inajifanya nzima."

Baadhi wakacheka. Mwenye mkokoteni hakucheka. Alikuwa ameshaweza kusimama, mguu mmoja anauburuta, na alikuwa anataka kujua ni fundi gani aliyeachia pikipiki mbovu barabarani, kwa sababu hiyo ni hatari, kwa sababu yeye ana watoto. Macho ya watu yakamgeukia shemeji. Naye akainamisha kichwa, akasema, "Ni mimi ninayeihudumia."

Hapo ndipo Mama alipofika. Sijui nani aliyempigia simu. Alikuja na kanga ya nyumbani kwa dada yake, viatu haviendani. Akaniangalia mwili mzima kwa haraka, kama mtu anayehesabu vyombo baada ya sherehe. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia:

"Klachi ni nzima. Mdogo wangu hana kosa. Mume wangu alipata kiharusi, mkono wake wa kushoto hauna nguvu."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliutazama mkasi wake. Neno lile halikuwa limewahi kutamkwa mtaani kwetu likiwa na jina langu, na sasa lilikuwa limekaa pale katikati ya madumu, kila mtu akilikwepa kwa macho.

Mwenye mkokoteni akaacha kufoka. Akaja akaniinamia, yeye niliyemuumiza. "Pole, baba," akasema. Angenipiga kofi ningemshukuru.

Tulipofika nyumbani nilikaa ukumbini bila kuvua viatu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilikuambia jikoni, ukaniletea habari ya mamba. Nikamwomba daktari akuambie mbele yangu, ukamchekesha daktari mpaka akasahau alichotaka kusema. Mdogo wangu alikuambia, ukamwambia anaionea wivu pikipiki." Alikuwa anakunja kanga ya dada yake, pembe juu ya pembe. "Nikaona wewe unasikia lugha moja tu. Nikaongea hiyo."

"Umenifanya mjinga, Mama. Miezi yote hiyo. Nanunua raba, nalamba paipu."

"Ulikuwa unaamka na kazi ya kufanya. Ulikuwa unaimba."

"Nilikuwa nakushukuru! Kila nikimaliza nakushukuru kwa kunishikia leva!"

"Nilisimama pale kila uliponiita."

"Hukuishika."

Alimaliza kukunja, akaiweka kanga kwenye kiti. "Hapana," akasema. "Sikuishika."

Akaenda kupika.

Angekuwa amekosea ningemsamehe siku ileile. Mimi ni mwepesi wa kusamehe, muulizeni yeyote. Lakini alikuwa sahihi, na kwa hilo sijaona mtu akisamehewa.

Kijiweni nilirudi baada ya muda. Walikuwa wanabishana jambo, wakanyamaza. Kinyozi akanipisha kiti chake, kile cha kuzunguka, ambacho zamani nilipokikalia alikuwa akinipulizia maji shingoni. Fundi viatu aliniuliza nimelalaje. Nikaanza kuwaeleza jinsi mwenye mkokoteni alivyokuwa jasusi wa nchi jirani, na madumu yake yalikuwa na mitambo. Walicheka mahali pote panapostahili. Walicheka kwa adabu. Sikuimaliza.

Pikipiki ilichukuliwa na muuguzi mmoja anayetembelea wagonjwa majumbani, mwanamke mfupi mwenye kofia kubwa. Shemeji ndiye aliyemleta. Akaipanda pale uani, akawasha, akaibana leva, akatia gia. Simu yake ikalia. Akaipokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akauacha ulipo, umeibana leva kwa vidole viwili. Viwili tu. Akazungumza na mtu kuhusu dawa ya kidonda, akamweleza aifunge vipi, akacheka, akauliza habari ya mtoto, na vidole vile viwili havikutikisika. Nilikuwa nimesimama kando na spana mfukoni. Nilivitazama mpaka nikahisi vyangu vinauma.

"Mzee wangu," akasema alipokata simu, "klachi yako nyepesi! Ameitengeneza nani?"

Shemeji akanitazama, akinipa nafasi. Palikuwa na hadithi tatu nzuri zinasubiri kwenye ulimi.

"Haikuwa mbovu," nikasema.

Akaondoka nayo. Mama alilifunga geti, akaniita mezani. Chakula kilikuwa viazi na nyama. Nilikaa, nikashika uma, nikatafuta kisu kwa mkono wa kushoto, sikukiona. Nyama ilikuwa imekatwakatwa tayari, vipande vidogo vya kuingia mdomoni, vimepangwa upande wa kulia wa sahani. Ya kwake ilikuwa nzima. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kukata nyama yangu mwenyewe katika nyumba ile, nikashindwa. Nilirudi nyuma mpaka kwenye siku za raba, mpaka kwenye siku za mpira wa kuminya. Nilikuwa nimekula hivyo muda wote huo, nikisimulia, nikitafuna, bila kuona.

Mama alikuwa anakula, macho kwenye sahani yake.

"Chumvi imetosha?" akauliza.

"Imetosha," nikasema, na nikaendelea kula, maana njaa nayo ilikuwepo.